Vuli Niliyompikia Bibi Viazi

Jumatatu, 7 Oktoba

Simu yangu jana ilitumbukia kwenye tangi la maji. Nimeiweka kwenye mchele usiku kucha, imetoka na harufu ya pilau lakini haiwaki. Kwa hiyo status zangu zote sasa zitakaa humu, kwenye daftari la kurasa themanini. Wafuasi wangu mia mbili na kumi na moja, poleni sana kwa msiba.

Kwa atakayeliokota: mimi ni Hamza, miaka kumi na tisa, elimu yangu kidato cha pili (niliondoka mwenyewe, wao walichelewa tu kunifukuza). Kazi yangu ni mchochea moto kwenye kiwanda cha mbao cha Mama Esteria, huku Shume, kwenye baridi ambayo watu wa Mombo wakiipata siku moja wanaandika wosia. Kiwanda hiki hakina umeme, nguzo ziliishia kule barabarani. Dizeli tulishaishindwa. Msumeno unazungushwa na mashine ya mvuke, mashine inapata mvuke kwenye boila, boila linapata moto kwangu. Sasa piga hesabu mwenyewe nani anaendesha kiwanda.

Boila tunaliita Bibi. Ni jeusi, refu kama Noah mbili zilizofungana. Wazee wanasema lilipandishwa milimani kwa kamba na magogo, miezi mitatu, enzi ambazo babu yangu hajaota meno. Bibi anakula mabanzi ya paina, yale maganda yanayobaki gogo likipasuliwa, na anakunywa maji ya kijito. Hana mengine. Ukimtunza anafanya kazi, ukimdharau anakuua.

Jumanne, 8 Oktoba

Paundi mia moja za mvuke kwenye geji kufikia saa mbili asubuhi. Rekodi. Mwanamisi anasema ilikuwa saa mbili na robo.

Huyu Mwanamisi ni karani wa mbao. Anapima, anaandika, anaona kila kitu hata kisichomhusu. Alimaliza kidato cha nne na ana nia ya kuhakikisha sisahau.

Alhamisi, 10 Oktoba

Leo nimuandike Mzee Tobia, maana nikimaliza daftari bila yeye nitaonekana mwongo.

Mzee Tobia ndiye fundi wa mvuke. Miaka arobaini na moja yupo na Bibi, hata mkewe anamwita Bibi "mke mwenzangu". Ni mzee wa kanisa wa Kilutheri, koti moja, kofia moja ya sufu, maneno machache kama hela ya mfukoni. Kila asubuhi ananiuliza:

"Hamza, geji inasemaje?"

"Thelathini, Mzee."

"Na kioo cha maji?"

"Nusu, Mzee."

Na amesimama hapohapo, geji iko juu ya pua yake! Ananifanyisha mtihani kila siku kama mtoto wa chekechea. Kisha anaweka kiganja kwenye bomba, anainamisha kichwa kama daktari anayesikiliza kifua, anasema, "Bibi ana kiu." Naangalia kioo: kweli maji yameshuka. Huyu mzee akiamua kuwa mganga Lushoto nzima itapanga foleni.

Jumatatu, 14 Oktoba

Mama Esteria kaita kikao. Tumekaa juu ya magogo, wafanyakazi kumi na wanne, yeye kasimama na barua.

"Mkaguzi wa maboila anakuja tarehe kumi na mbili Desemba," akasema. "Akiridhika, tunapata cheti. Akikataa, nawauzia wale wa chuma chakavu. Walishakuja, mliwaona, walimgonga Bibi kwa nyundo mbele yangu kama wanachagua nazi. Wana mtungi wao wa gesi, watamkata vipande na kumpakia kwenye fuso."

Mzee mmoja wa wale wabeba magogo akauliza kwani haiwezekani kupasua mbao bila cheti.

"Marehemu mume wangu alifanya hivyo miaka sita," akasema Mama Esteria. "Mimi sifanyi. Boila bila cheti ni sufuria la kulipukia watoto wa watu."

Watu wakanyamaza. Mimi pia, na hiyo uandike kwenye historia. Maana nimeshajaribu kabichi, nimeshajaribu bodaboda (siku nne, nisiulizwe). Kitu pekee duniani ninachokijua ni kumpandisha Bibi kutoka baridi hadi paundi mia. Akikatwa vipande, mimi ni fundi wa nini?

Ijumaa, 18 Oktoba

Mvua imeanza. Ukungu umeingia mpaka kwenye chumba cha boila, nikauambia karibu uote moto.

Jumatatu, 21 Oktoba

Mabanzi yameloa. Moto unalia, mimi nalia. Paundi mia saa nne kasoro. Mwanamisi akaandika tu saa kwenye daftari lake kwa herufi kubwa.

Jumamosi, 26 Oktoba

Siku ya kuosha. Kila Jumamosi ya pili Bibi anaachwa apoe, tunamwaga maji, tunafungua mlango wa tumboni, mimi naingia (kwa sababu ni mwembamba na mzuri) na kukwangua ukoko. Ndiyo, ukoko, kama wa wali. Maji yakichemka kila siku yanaacha chokaa kwenye chuma, ikinenepa moto haupenyi, chuma kinaungua.

Sasa sikia uchawi wenyewe. Tukishajaza maji mapya, Mzee Tobia anatia ndani kikapu kidogo cha viazi, vilevile vya kula, na fungu la magome ya miti ya miwati lililofungwa kwa kamba ya mgomba. Nimemuuliza kwa nini, leo kwa mara ya mia.

"Viazi vinafanya ukoko uwe tope badala ya jiwe," akasema. "Magome yanakipaka chuma rangi kisile kutu. Alinifundisha aliyenitangulia, naye alifundishwa."

"Na chumvi je, Mzee? Kitunguu? Tumwite na mgeni?"

"Kikapu kimoja," akasema, kama hakunisikia. "Fungu moja. Siyo zaidi."

Nimetangaza kijiji kizima kwamba sisi tunampikia Bibi kande. Nimechekesha watu mpaka dukani.

Jumapili, 3 Novemba

Mvua.

Jumanne, 5 Novemba

Dada yake Mzee Tobia amefariki kule Zirai. Ni safari: ashuke Mombo, aende Muheza, apande tena milima ya upande wa pili. Wiki nzima na zaidi. Ameondoka alfajiri, kofia imelowa. Kabla ya kuondoka akanishika bega.

"Jumamosi utamwosha wewe."

"Mzee, usiwe na wasiwasi, nitamwosha mpaka ajione bikra."

"Hamza."

"Naam, Mzee."

"Kioo kinaweza kusema uongo. Vijibomba vya kupimia havisemi uongo. Na ukiona chini hakuna maji, mkono wako usiguse pampu. Maji ya baridi kwenye chuma kikavu chenye moto, atakuaga Bibi, utaaga na wewe, na nyumba ya Mama Esteria."

Nikasema ndiyo, ndiyo, ndiyo. Nilikuwa nawaza nitakavyokaa kwenye kiti chake.

Jumamosi, 9 Novemba

Nimemwosha. Peke yangu. Fundi Hamza. Ukoko ulikuwa mwingi kuliko siku zote, kwa sababu ya tope la mvua kwenye kijito. Sasa, mkaguzi anakuja mwezi ujao, na mtu mwenye akili anafikiri: kama kikapu kimoja kinalainisha ukoko kidogo, gunia litafanya nini? Ni hesabu ya darasa la tatu.

Nimetia gunia. Na maganda yake. Na mafungu sita ya magome. Mkaguzi akifungua tumbo la Bibi atajiona kwenye chuma kama kwenye kioo cha saluni.

Sijamwambia Mwanamisi. Ngoja ashangae.

Jumatatu, 11 Novemba

Kope zangu zimeungua, nyusi ya kulia pia. Naandika kwa mkono wa kushoto kwa sababu wa kulia umefungwa kitambaa. Nitaandika kama ilivyokuwa.

Asubuhi moto uliwaka vizuri. Paundi mia saa mbili kasoro. Nikatembea kiwandani kama mbunge. Saa tatu na nusu nikaona jambo la ajabu: maji kwenye kioo yanapanda yenyewe. Sijapampu hata mara moja, yako robo tatu. Nikafurahi! Nikasema Bibi leo hana kiu, viazi vimemshibisha. Basi nikaacha kupampu, nikachochea.

Saa nne ni mluzi wa chai. Mama Esteria alikuwa anapita chini ya bomba la mluzi, amevaa suti yake ya rangi ya maziwa, anakwenda mjini Lushoto ofisini kwa watu. Nikavuta mnyororo. Badala ya mluzi ikatoka sauti ya mtu anayekohoa supu, na kweli ikatoka supu. Ya kahawia, ya moto, na maganda ya viazi. Mungu ni mkubwa, ilipoa hewani kidogo, la sivyo ingemuunguza. Alisimama pale na ganda moja limekaa begani kama cheo cha jeshi.

"HAMZA!"

Kabla sijajibu mashine ikaanza kugonga. Ko! Ko! Ko! Kama mtu yuko ndani na nyundo. Mwanamisi akaingia anakimbia, kalamu bado sikioni.

"Msumeno unakwama! Umefanya nini?"

"Sijafanya kitu! Kioo kimejaa, angalia!"

Akaangalia. Ndani ya kioo kulikuwa kunacheza ngoma, nyeupe na kahawia.

"Kimejaa nini, wee Hamza? Hayo maji au povu?"

 Nikafunga mvuke wa mashine, nikaruka kwenye vijibomba. Viko vitatu, kimoja juu ya kingine. Nikafungua cha juu: povu. Cha kati: povu. Cha chini, ambacho siku zote kinatoa maji, kikatoa fyuuuu, mvuke mkavu mtupu.

Maana yake ni hii: kioo kilikuwa kinanionyesha povu la viazi, na maji yenyewe yalikuwa yameshaisha juu ya chuma cha moto. Na mimi nilikuwa nachochea.

Mkono wangu ulikuwa tayari kwenye mpini wa pampu. Wallahi, ulikuwa umeushika. Kila kitu mwilini kilisema: tia maji, mjinga, tia maji! Nikamsikia Mzee Tobia kama yuko nyuma yangu. Nikauachia mpini kama nyoka.

"Nje wote!" nikapiga kelele. "Kimbieni mpaka mtoni!"

Wakakimbia. Mama Esteria na suti yake, wa magogo, wote. Nikafungua mlango wa moto, nikachukua ile fimbo ndefu yenye jembe mbele, nikaanza kuvuta moto wote nje. Makaa yalimwagika sakafuni mpaka miguuni. Sioni, moshi, joto linanitafuna uso. Kisha nikasikia koleo linakwangua saruji. Mwanamisi. Kafunga kanga usoni, anazoa makaa na kuyarusha nje kwenye mvua, na kila koleo likitua nje linasema chwaaa.

"Nimesema kimbia!"

"Wewe si mume wangu uniamrishe! Vuta!"

Nikavuta. Akazoa. Sijui dakika ngapi. Mwishowe tumbo la Bibi likabaki jeusi, sindano ya geji ikaanza kushuka, sabini, hamsini, ishirini. Tukakaa chini kwenye tope la mlangoni, weusi kama masufuria. Tukaitazama geji mpaka ikalala.

"Uliweka nini?" akauliza.

"Viazi."

"Vingapi?"

Nikamwonyesha gunia tupu ukutani. Aliliangalia muda mrefu.

"Mimi na mama yangu," akasema, "hilo tunakula mwezi."

Kisha akaanza kucheka, nami nikaanza, tukacheka mpaka wa magogo wakarudi kuchungulia wakidhani tumechanganyikiwa.

Jumanne, 12 Novemba

Nimeingia tumboni mwa Bibi na ndoo. Uji wa viazi, ndoo ishirini na nane. Nguruwe wa jirani wamekula mpaka wamelala. Kizibo cha risasi, kile kinachotakiwa kuyeyuka maji yakiisha ili mvuke uuzime moto, kilikuwa kimeanza kulainika usoni. Dakika mbili zaidi kingefunguka.

Mama Esteria hajanifukuza. Amesema atasubiri Mzee Tobia aseme. Hiyo ni mbaya zaidi.

Alhamisi, 14 Novemba

Mzee amerudi. Nilikuwa nimeandaa hotuba yenye sababu saba, ya kwanza hali ya hewa. Nilipomuona nikasahau zote.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba."

"Poleni na msiba."

"Tumeshapoa. Niambie."

Nikamwambia yote. Gunia, maganda, mluzi, kioo. Alinisikiliza kichwa kimeinama vilevile anavyomsikiliza Bibi. Nilipofika mwisho aliuliza swali moja tu.

"Uliutoa moto bila kupampu kwanza?"

"Bila kupampu, Mzee. Nilishaushika mpini lakini nikauachia."

 Mvua ikapiga bati. Akasema, "Kachemshe chai."

Basi. Ndiyo adhabu yote. Nimechemsha chai tamu kupita zote nilizowahi kuchemsha.

Jumatatu, 18 Novemba

Kizibo kipya. Bibi kapanda vizuri. Sasa hivi mtaani naitwa Chipsi.

Ijumaa, 22 Novemba

Leo Mzee kaniuliza kama kawaida, "Geji inasemaje?" Nikataka kumtania, ilikuwa sitini, nikasema, "Mia na arobaini, Mzee!" nione atakavyoruka.

Hakuangalia juu. Akaweka kiganja kwenye bomba. "Muongo wewe. Sitini, labda sitini na tano."

Nikacheka. Nikampa kikombe chake. Mkono wake ukaenda pembeni ya kikombe, ukashika hewa, ukarudi polepole, ukakipata kwa kugusa.

Sikucheka tena. Nilikumbuka kila asubuhi ya mwaka mzima. Hakuwa ananifanyisha mtihani.

Jumamosi, 23 Novemba

Kikapu kimoja. Fungu moja. Nimehesabu viazi: kumi na tisa.

Nimemwambia Mwanamisi kuhusu macho ya Mzee. Akaendelea kupima ubao. Yeye alishajua tangu mwaka jana. Ndiyo maana matangazo ya ubaoni huwa anayasoma kwa sauti, na mimi siku zote nilidhani anajionyesha kwamba anajua kusoma.

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia wewe, mtaa wote ungejua kabla ya adhuhuri."

Nikashika upande wa pili wa ubao, akapima. 

Jumanne, 26 Novemba

Tatizo ni hili. Mwanamisi ameisoma ile barua ya mkaguzi mpaka chini kabisa, kwenye maandishi madogo. Mkaguzi hakagui boila tu, anamkagua na mwendeshaji. Anamwuliza maswali na kumwambia asome vipimo.

Mzee hajui kama tunajua. Na nani atamwambia? Mimi? Nimwambie mtu aliyeshika kazi kabla mama yangu hajavunja ungo?

Jumapili, 1 Desemba

Nimepata mpango. Ni mzuri kuliko ule wa viazi. Mzee akiambiwa asome geji, mimi nitakuwa nyuma nakohoa: kikohozi kimoja ni paundi kumi, chafya ni tano. Mwanamisi anasema nitafungwa. Lakini hana mpango mwingine, na nimemuona akihesabu vikohozi kwa vidole.

Jumatano, 4 Desemba

Mvua siku tatu. Barabara imekuwa mtelezo wa watoto. Kila asubuhi nakohoa hesabu ya geji kabla ya kumsomea Mzee, sikio lake lizoee, na nyumbani nafanya mazoezi mpaka mama amenichemshia tangawizi.

Jumanne, 10 Desemba

Tumemzima Bibi apoe. Kiwanda kiko kimya mpaka unasikia ng'ombe wa ng'ambo akitafuna. Kila mtu anatembea kwa vidole kama kuna mgonjwa ndani.

Alhamisi, 12 Desemba

Gari lilifika saa tatu, limepakwa tope mpaka kwenye vioo. Akashuka bwana mmoja mnene, miwani, tumbo la kiserikali. Nikamwahi kabla ya wote.

"Shikamoo mheshimiwa! Karibu sana Shume! Matunda haya, plamsi za kwetu, chai iko tayari, kiti hiki hapa."

"Marahaba," akasema, akachukua plamsi tatu. "Mimi dereva. Injinia huyo."

Nyuma yake alikuwa ameshashuka dada mfupi, ovaroli la bluu, tochi kichwani, mwembamba kiasi cha kupita kwenye mlango wa tumbo la Bibi. Na alipita! Hata salamu hazikuisha vizuri, akasema anaitwa Injinia Loveness, akaingia ndani, tukabaki tunaona soli za buti zake. Tukasikia nyundo ndogo, ting, ting, ting. Mama Esteria alikuwa ananong'ona sala. Mzee Tobia alikuwa anafuata kila ting kwa kichwa. Mara moja, kwenye zile pini zilizoshona chuma, ikalia tang badala ya ting, akasema polepole, "Ripiti ya saba, upande wa kushoto. Hiyo ni ya zamani, haina neno."

Sauti kutoka tumboni ikajibu: "Nimeiona, Mzee. Haina neno."

Alitoka mweusi kama mimi. Tukamjaza Bibi maji ya baridi mpaka pomoni, nikapampu kwa mkono mpaka geji ikasoma mia na hamsini, kisha tukasubiri nusu saa tuone kama kuna panapovuja. Ndiyo nusu saa ndefu kuliko zote tangu dunia iumbwe. Tone moja lilitoka kwenye ungio moja, likaning'inia, likakataa kuanguka.

"Mnatia dawa gani humu?" akauliza Injinia. "Kuna mitambo mipya kule mjini ina ukoko kuliko hili."

Wote wakanigeukia. Wasaliti.

"Viazi," nikasema. "Na magome ya miwati. Kwa kipimo."

Akaandika. Kisha akasema, "Boila limepita. Ila kwa paundi themanini, siyo mia. Limezeeka, lipumzisheni."

Makelele! Wa magogo wakarusha kofia. Mama Esteria akamkumbatia dereva. Injinia akainua mkono.

"Bado. Cheti kina jina la mwendeshaji. Ni nani?"

Mzee Tobia akasogea, akavua kofia. Injinia akamwamkia kwa adabu kabisa, akanyoosha kidole kwenye geji. Maji yalikuwa yameshapunguzwa, sindano ilikuwa kwenye arobaini.

"Naomba unisomee pale, Mzee."

Nikakohoa. Kho. Kho. Kho. Kho.

Injinia akageuka. "Kijana, una kifua?"

"Vumbi la mbao, Injinia."

"Leo hampasui mbao."

Mzee Tobia alikuwa anatabasamu, kidogo, upande mmoja. "Arobaini," akasema. Nikapumua. Lakini hakunyamaza. "Mwanangu, hiyo arobaini nimeisikia kwa vikohozi vya huyu. Geji sijaiona tangu mwaka juzi. Namuona Bibi mzima kama wingu. Wewe pia ni wingu, la bluu."

Hakuna aliyesogea. Nilitaka ardhi inimeze, siyo kwa sababu ya kukamatwa. Kwa sababu alijua kwamba najua, na kwamba nilikuwa nimepanga kumwongopea mtu kwa ajili yake, na hakunikasirikia.

Injinia akafunga kalamu. Akasema kwa sauti ya chini, "Mzee, sheria hainiruhusu. Boila bila mwendeshaji siwezi kulipatia cheti."

Mama Esteria akakaa juu ya gogo. Nikauona ule mtungi wa gesi wa watu wa chakavu, wazi kabisa, kama uko mlangoni.

"Sijaomba uniandike mimi," akasema Mzee Tobia. "Muulize huyo anayekohoa. Usimuulize ya kitabuni, hayo hana. Muulize ya moto."

Injinia akaniangalia kuanzia nyusi moja mpaka viatu. Akafikiri. "Haya. Unafanya kazi. Maji kwenye kioo yanapanda, wewe hujapampu. Mashine inaanza kugonga. Unafanya nini?"

"Sikiamini kioo," nikasema, na sauti yangu ilitoka nyembamba, siyo ile ya dukani. "Hilo ni povu. Nafunga mvuke wa mashine taratibu. Nafungua vijibomba kuanzia juu. Cha chini kikitoa mvuke mkavu, sigusi pampu hata nikisikia kufa. Natoa watu nje, navuta moto wote, nasubiri geji ilale yenyewe. Halafu naangalia kizibo cha risasi."

"Kwa nini usipampu?"

"Chuma kikavu kina moto. Maji yakigusa yanakuwa mvuke wote kwa mara moja. Bibi hana pa kuuweka."

Akanitazama tena. "Umesoma wapi hayo? Wengi wenye vyeti wanasema watapampu."

Ningeweza kusema chochote. Mdomo wangu ulikuwa na uongo wa aina tatu umejipanga, mmoja una chuo cha Tanga ndani yake.

"Sikusoma," nikasema. "Nilitia gunia la viazi."

Nikamweleza. Mama Esteria akaongezea kuhusu suti. Mwanamisi akaongezea kuhusu mimi kutembea kama mbunge. Dereva alicheka mpaka plamsi ikampalia. Injinia alijizuia, akajizuia, akashindwa, akageukia ukuta mabega yanamtikisika.

Mwisho akaandika. Cheti cha miezi sita, mwendeshaji wa muda ni mimi, Mzee Tobia awe msimamizi wangu, na kabla ya Juni niende Tanga kufanya mtihani wa maandishi.

"Mtihani wenyewe ni wa Kiingereza," akasema.

Furaha yangu ikakaa chini. Mwanamisi akasema, "Nitamsomesha. Na mimi nitafanya, Injinia, kama inaruhusiwa. Akianguka, kuwe na mtu."

"Inaruhusiwa," akasema Injinia Loveness, akaandika na jina la Mwanamisi.

Ijumaa, 13 Desemba

Mwanamisi ameshaniletea kitabu. Ukurasa wa kwanza una maneno kumi na mawili nisiyoyajua. Anasema kesho anataka yote. Nimeanza kuwaonea huruma wafungwa.

Jumatatu, 16 Desemba

Nimewasha moto peke yangu leo, kwa jina langu. Mvua imekatika, mabanzi makavu juu, mabichi chini, nikayapanga kama mama anavyopanga kuni za sherehe. Sikuongea na mtu. Ishirini. Arobaini. Nikafungua vijibomba, maji, maji, maji. Sitini. Themanini, na hapo nikamsimamisha.

Nikasikia miguu nje. Ilifika mlangoni ikasimama. Mzee Tobia, koti lake, kofia mkononi. Miaka arobaini na moja mlango ule ulikuwa wake, na leo amesimama nje ya kizingiti.

"Hodi," akasema.

Nilitafuta kitu cha kuchekesha. Sikukipata. Nikaruka juu kutoka kwenye kiti.

"Karibu, Mzee, karibu, kaa hapa—"

"Kaa," akasema, akaingia taratibu, akatafuta ukuta kwa mkono, akaegemea. "Mwenye moto hamwinukii mgeni."

Nikakaa.